Je, Ulimwengu Wote Uwe Chini ya Serikali Moja?

Mtu asimamaye ufukoni pa Wampembe siku isiyo na ukungu huona ng'ambo ya maji milima ya Marungu, nayo iko katika nchi ya Kongo. Hapana ukuta uliojengwa majini, wala hapana alama iliyochorwa juu ya mawimbi. Hata hivyo katikati ya maji yale upo mpaka, naye auvukaye ameingia katika nchi nyingine, yenye bendera yake, fedha yake na sheria zake. Nchi zilizolizunguka Ziwa Tanganyika ni nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Samaki hawana habari. Dagaa walio upande wetu leo huenda kesho wakawa upande wa majirani, na hapana awaulizaye cheti cha safari.

Basi kwa ajili ya mambo kama hayo watu wengi wenye hekima wameuliza, Je, yafaa wanadamu wawe na serikali nyingi namna hii? Katika Umoja wa Mataifa peke yake wamo wanachama 193. Mbona ulimwengu wote usiwe chini ya serikali moja, yenye sheria moja, jeshi moja na mahakama moja? Swali hili si la mchezo. Mwezi wa Agosti 1945 mabomu mawili yaliteketeza miji ya Hiroshima na Nagasaki katika Japani, na baada ya hapo Albert Einstein, mtaalamu aliyesifiwa sana katika zama zake, aliwaonya watu kwamba wanadamu hawatasalimika wasipokuwa na serikali ya ulimwengu. Alitaka mataifa yaache kuamua kesi zao kwa silaha, kama vile majirani wa kijiji kimoja walivyokwisha kuacha. Neno hilo si la mpumbavu.

Nasi tukaao kando ya ziwa twaweza kumwongezea sababu nyingine, tena nzito. Ziwa letu lina urefu wa kilometa 670 hivi, na kina chake chafika mita 1,470. Katika maziwa yote ya dunia ni Ziwa Baikal la Urusi peke yake lililizidilo kwa kina. Mito iingiayo ndani yake ni mingi, bali utokao ni mmoja tu, Mto Lukuga, nao hutokea upande wa Kongo, penye mji wa Kalemie. Zamani, kati ya mwaka 1870 na 1880, mlango wa mto huo ulikuwa umezibwa na matope na majani, maji ya ziwa yakapanda. Kisha kizuizi kikabomoka, maji yakakimbia, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka mita kadhaa. Fikirini basi: mlango wa maji yetu uko nyumbani kwa jirani. Ukizibwa kwake, sisi hufurikiwa. Ukifunguka mno, sisi huachwa pakavu.

Na habari za samaki ni vivyo hivyo. Nchi moja ikizuia uvuvi ili samaki wapate kuzaana, na zile tatu zikaendelea kuvua, ile moja imefunga saumu bure. Kwa hiyo tarehe 12 Juni 2003 nchi zote nne zilitia sahihi huko Dar es Salaam mkataba wa kulihifadhi ziwa, na baadaye ikaundwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, makao yake Bujumbura. Kwa kufuata mapatano ya nchi hizo, Tanzania ilifunga uvuvi katika ziwa hili tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti mwaka 2024. Miezi mitatu si kitu kwa mtu mwenye mshahara. Kwa mvuvi wa Wampembe, ambaye shamba lake ni maji, ni muda mrefu sana, naye ana haki ya kuuliza, Je, na yule wa ng'ambo amezitoa nyavu zake majini? Kama pangalikuwa na serikali moja tu, yenye askari wake pande zote za ziwa, swali hilo lisingalikuwako.

Hoja hiyo ina nguvu. Walakini shauri lile kwamba ulimwengu mzima uwekwe chini ya serikali moja, mimi silikubali, na sasa nitawaelezeni kwa nini.

Twende kwanza Karema. Mahali hapo ni kaskazini ya Wampembe, katika pwani hii hii ya ziwa, na siku hizi pamo katika Mkoa wa Katavi. Mwaka 1876 Leopold wa Pili, Mfalme wa Ubelgiji, aliwaalika mjini Brussels wasafiri na wataalamu wa mataifa mengi ya Ulaya. Wakaunda chama, wakakiita Chama cha Kimataifa cha Afrika. Maneno yaliyonenwa pale yalikuwa matamu: kwamba kazi hiyo si ya taifa moja bali ni ya wote, kwamba vitajengwa vituo vya kuwapokea wasafiri wa kila nchi, kwamba biashara ya watumwa itakomeshwa. Mwaka 1879 Kapteni Cambier akaanzisha kituo cha chama hicho, na mahali alipopachagua ni Karema. Kwa hiyo watu wa ziwa hili walikuwa miongoni mwa wa kwanza katika Afrika kuona kwa macho yao jambo lililoitwa la mataifa yote.

Jina lilikuwa la wote, lakini mfuko na amri vilikuwa vya mtu mmoja. Mwaka 1885 mataifa makubwa yalimkubali Leopold kuwa mwenye nchi ya Kongo, naye akaitawala kama mali yake mwenyewe, pasipo bunge la kumwuliza neno. Mwaka huo huo kituo cha Karema kilikabidhiwa kwa Mapadre Weupe, kwa kuwa upande huu wa ziwa haukuwa fungu lake. Ng'ambo, katika misitu ya Kongo, watu walilazimishwa kuleta mpira wa mwituni na pembe za ndovu. Vijiji vilivyoleta pungufu vilichomwa moto. Watu walipigwa mijeledi ya ngozi ya kiboko, na wengine walikatwa mikono. Mambo hayo yaliendelea miaka mingi, hata mwaka 1908 nchi ikaondolewa mikononi mwa mfalme na kuwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji.

Sasa angalieni jinsi utawala ule ulivyokoma. Wakongo wenyewe walilia, na wengine walishika silaha. Lakini nani Ulaya angaliwasikia? Waliosikiwa ni watu waliokuwa nje ya mkono wa Leopold. Walikuwako wamisionari waliopeleka barua makwao. Alikuwako Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza, ambaye taarifa yake ilitolewa mwaka 1904. Na Edmund Morel, aliyeandika magazeti na vitabu bila kuchoka. Leopold hakuweza kuwafunga, maana hawakuwa raia zake, wala nchi waliyoandikia haikuwa nchi yake. Kama London nayo ingalikuwa chini ya amri yake, Morel angalinyamazishwa siku ya kwanza, na huenda sisi leo tungalisoma katika vitabu vyetu kwamba Leopold alikuwa baba wa Afrika.

Wafipa walikuwa wakiijua hatari ya namna hiyo kabla Mzungu hajafika. Wazee husimulia habari za Milansi, mahali pa utawala wa kwanza wa Ufipa. Mwenye nchi alikwenda kuwinda. Nyuma yake wakaja wanawake wageni, wakaingia nyumbani, wakakalia kiti chake. Aliporudi, kiti kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Wageni wale wakawa shina la ukoo wa Watwa, uliotawala Ufipa, na baadaye nchi ikagawanyika kuwa Nkansi na Lyangalile. Yule wa kwanza akabakiwa na Milansi yake na heshima yake. Wengi hupenda mwanzo wa hadithi hii, kwa sababu ya hila iliyomo. Mimi hupenda mwisho wake, kwa kuwa kilibaki kijiji kimoja ambacho mwenye kiti kipya hakukitwaa. Kiti cha serikali ya ulimwengu kitakuwa kimoja tu. Mtu mwovu akikikalia siku moja, watu wakiwa mawindoni, Milansi itakuwa wapi?

Yamkini mwanafunzi mmoja atasema, Tutawachagua watawala kwa kura, na mwovu tutamwondoa. Vema, lakini na apige hesabu. Wanadamu sasa wamepita bilioni 8. Watu wa mwambao huu wa kusini waliitegemea meli ya Liemba miaka mingi, kwa kukosa barabara njema, nao walikuwa wakiomba barabara hiyo kwa serikali iliyo katika nchi yao wenyewe, inayosema lugha yao. Katika bunge la watu bilioni 8, ombi la Wampembe lingesomwa siku gani, na kwa lugha gani?

Tena nchi yetu si ngeni katika habari za baraza la ulimwengu. Wajerumani waliposhindwa katika Vita Kuu ya Kwanza, Tanganyika haikufanywa mali ya Waingereza kabisa. Mwaka 1922 Shirikisho la Mataifa, lenye makao yake Geneva, liliwakabidhi nchi hii waitunze kama amana, na kila mwaka watoe taarifa. Mwaka 1946 amana hiyo iliwekwa chini ya Umoja wa Mataifa, ikakaa hivyo hata uhuru ulipopatikana tarehe 9 Desemba 1961. Basi twaweza kuuliza, Baraza hilo lilitufaa nini?

Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, katika nchi ya Arusha, ili mashamba yao wapewe walowezi. Wameru wakachanga fedha, wakamtuma Kirilo Japhet. Mwaka 1952 akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, akaeleza dhuluma waliyotendewa. Walimsikiliza, na wengi wakasikitika. Lakini baraza halikuwa na mkono wa kuirudisha ardhi, wala Wameru hawakurudishiwa kwa amri yake. Mwenye kutaka serikali moja atasema, Mwaona? Baraza lisilo na nguvu ni ngoma isiyo na ngozi. Ni kweli, wala sitaki kuuficha ukweli huo. Lakini tazameni na upande wa pili. Kirilo Japhet alikuwa na mahali pa kwenda nje ya serikali iliyomdhulumu. Mwaka 1955 Julius Nyerere naye alikwenda huko huko kwa niaba ya TANU, maneno yake yakafika mbali. Kama baraza lile ndilo lingalikuwa serikali yenyewe iliyowahamisha Wameru, Kirilo angalisafiri kwenda kwa nani?

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kuliko yote niliyokwisha kuyataja.

Mwaka 1972 yalitokea maasi huko Burundi, kaskazini ya ziwa letu, na watu wengi waliuawa na waasi. Kisha serikali ikalipiza kisasi kwa raia zake wa kabila la Wahutu, hata wasio na hatia yo yote, walimu na wanafunzi na makarani. Wengi waliohesabu hukisia kwamba waliokufa walipita laki moja. Waliosalimika wakakimbia, wengine kwa miguu, wengine kwa mitumbwi ziwani. Tanzania iliwapokea. Wengi walipewa ardhi huko Ulyankulu, Katumba na Mishamo, wakafyeka pori, wakalima, wakazaa watoto. Mwaka 2014 serikali ya Tanzania iliwapa uraia watu wapatao 162,000 wa kundi hilo, pamoja na wana wao waliozaliwa huku.

Mtumbwi wa mkimbizi yule hutoa ushahidi pande zote mbili, na mtu akisikiliza upande mmoja tu atakosa. Upande wa kwanza ni huu: hapakuwa na mamlaka juu ya serikali ya Burundi iliyoweza kusema, Acheni. Umoja wa Mataifa haukutuma jeshi la kuwaokoa watu. Mpaka ulikuwa kama mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango huo mwenye nyumba alikuwa akiwachinja watoto wa nyumbani. Kwa ushahidi huo mataifa yahitaji mkono wenye nguvu kuliko ule yaliyokuwa nao. Upande wa pili ni huu: mtumbwi ule ulikuwa na mahali pa kwenda. Ulikuwako ufuko mwingine, wenye bendera nyingine, ambako amri ya wauaji haikufika. Futeni mpaka ule ulio katikati ya maji, wekeni pande zote askari wale wale wenye orodha ile ile ya watu watafutwao, kisha mniambie mkimbizi angaliuelekeza wapi mtumbwi wake. Mpaka ule ule tunaoulaumu kwa ajili ya dagaa uliokoa watu maelfu kwa maelfu.

Kwa sababu hiyo mimi nasema, mataifa na yabaki kuwa mengi, kila moja na serikali yake, ili pasikose ng'ambo ya kukimbilia. Ila yaweke pamoja yale ambayo hayawezi kulindwa na mmoja peke yake, na katika hayo mabaraza yao yapewe nguvu ya kweli. Papa Yohane wa 23, katika waraka wake wa mwaka 1963 uitwao Pacem in Terris, alifundisha kwamba ulimwengu wahitaji mamlaka ya kuangalia manufaa ya wote, lakini isimamishwe kwa kupatana, si kwa kulazimishana, wala isizinyang'anye serikali kazi zao. Nami nakubaliana naye. Jambo hilo si ndoto. Ugonjwa wa ndui uliua watu tangu zamani za kale. Mataifa yakapatana kuufuata kijiji kwa kijiji kwa chanjo, na mtu wa mwisho kuambukizwa kwa njia ya kawaida alionekana Somalia mwaka 1977. Mwaka 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Marekani na Urusi zilikuwa maadui wakati ule, nazo zote mbili zilisaidia. Hapana aliyelazimika kuishusha bendera yake.

Katika mauaji ya watu ningependa mkono mzito zaidi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilianza kazi mwaka 2002, na mwaka 2017 Burundi ilijitoa humo, kama mtu atokavyo sokoni akiona bei haimpendezi. Mlango huo ni mpana mno. Taifa na liwe huru kujitoa katika mapatano ya biashara. Lisiwe huru kujitoa katika katazo la kuwaua watu wake.

Wengine watanikumbusha ya kuwa Tanganyika na Zanzibar ziliungana tarehe 26 Aprili 1964, na kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika mwaka 1977 ilifufuliwa kwa mkataba wa mwaka 1999. Je, mimi napinga muungano? Hata kidogo. Nchi zinazopenda kuungana na ziungane, hata zikiwa kumi, hata ishirini. Muungano wa namna hiyo daima una jirani aliye nje yake, awezaye kuutazama na kuusema, na mtu aliyeonewa ndani yake anaweza kutoka. Serikali ya ulimwengu ingekuwa nyumba isiyo na nje.

Turudi kwa mvuvi wetu na swali lake, maana sijamjibu bado. Hahitaji mfalme wa dunia ili apate haki yake. Anahitaji kujua, siku uvuvi unapofungwa, kwamba mashua za doria za nchi nne zimo majini pamoja, kwamba mtu wa Wampembe aweza kwenda kuangalia mialo ya Kongo na Mkongo kuja kuangalia ya kwetu, na kwamba nchi itakayovunja mapatano itatajwa kwa jina mbele ya wenzake na kulipa. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliundwa na nchi hizo nne kwa hiari yao, nazo zaweza kuipa uwezo huo kwa kutia sahihi tena. Mawaziri wake na wawajibu wavuvi jambo hilo kabla ya kuwaambia tena wazitoe nyavu majini.